Alfred Nakache: Mwogeleaji Aliyerudi Majini

Jina la Auschwitz si geni masikioni mwetu. Tunalitaja kila tarehe 14 Agosti tunapomkumbuka Mtakatifu Maximilian Maria Kolbe, aliyekufa humo mwaka 1941 baada ya kujitoa afe badala ya baba mmoja wa familia. Tunalitaja pia tarehe 9 Agosti tunapomkumbuka Mtakatifu Theresia Benedikta wa Msalaba, ambaye wengi tunamfahamu kama Edith Stein, aliyeuawa humo mwaka 1942. Safari hii tumeona vema tuwaletee maisha ya mtu mwingine aliyeingizwa katika kambi hiyohiyo, lakini yeye akatoka akiwa hai. Hakuwa mtakatifu wa Kanisa, wala hakuwa Mkristo. Alikuwa Myahudi mzaliwa wa Algeria, mwalimu wa michezo, na mmoja wa waogeleaji hodari kabisa duniani wakati wake. Jina lake ni Alfred Nakache.

Tunamleta kwenu kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali ambalo kila mmoja wetu atakutana nalo siku moja, iwe seminarini, kazini au kijijini: mwenzetu anapotengwa kwa amri ya wakubwa, sisi tuliobaki ndani tunafanya nini? Katika maisha ya Nakache walikuwapo walionyamaza, walikuwapo waliomgeuka, na walikuwapo wachache waliokubali kupoteza chao ili wasimame naye.

MTOTO ALIYEOGOPA MAJI

Alfred Nakache alizaliwa tarehe 18 Novemba 1915 katika mji wa Constantine, mashariki mwa Algeria. Constantine ni mji uliojengwa juu ya mwamba, na chini yake mto Rhummel umechimba bonde refu lenye kuta za mawe, hata watu huvuka kwa madaraja marefu kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine. Algeria wakati huo ilikuwa koloni la Ufaransa. Wayahudi wa Algeria walikuwa wamepewa uraia wa Ufaransa tangu mwaka 1870 kwa amri iliyojulikana kwa jina la waziri Crémieux. Hivyo Alfred alizaliwa akiwa Myahudi, Mwalgeria na Mfaransa kwa pamoja, na familia yake haikuona kwamba mambo hayo yanapingana.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtoto huyu aliogopa maji. Wapo watoto wanaoruka mtoni kabla hata ya kujua kuogelea. Alfred hakuwa miongoni mwao. Woga wake ulikuwa wa kweli, na alilazimika kuushinda kidogo kidogo katika mabwawa ya Sidi M'Cid, yaliyoko chini kabisa ya lile bonde la mawe. Lakini alipouzoea ule ubaridi wa maji, hakutaka tena kutoka. Alikuwa na kifua kipana na mabega yenye nguvu, na ingawa mtindo wake haukuwa laini kama wa wengine, alikuwa na bidii ambayo haikuchoka. Mwaka 1931, akiwa bado kijana mdogo, alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa Afrika Kaskazini.

Waseminari wetu wanaweza kulitafakari jambo hili. Mara nyingi tunadhani kwamba wito huanza na kipaji kinachoonekana tangu utotoni. Kwa Nakache ulianza na woga, na kile alichokiogopa ndicho kilichokuja kumbeba maisha yake yote.

PARIS NA BERLIN

Mwaka 1933 alihamia Paris kuendelea na masomo, na huko akaanza kuogelea na waogeleaji bora wa Ufaransa. Bingwa aliyetawala wakati huo alikuwa Jean Taris, mtu aliyejulikana Ulaya nzima. Nakache hakukaa nyuma yake muda mrefu. Mwaka 1935 alitwaa ubingwa wa Ufaransa katika mita 100 kwa mtindo huru, na kuanzia hapo jina lake lilikuwa magazetini mara kwa mara. Alisomea pia ualimu wa michezo, kazi aliyoipenda karibu sawa na kuogelea kwenyewe. Alimwoa Paule Elbaz, binti wa Kiyahudi wa kutoka Constantine, naye pia mpenda michezo.

Mwaka 1936 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Berlin. Adolf Hitler alikuwa madarakani tangu mwaka 1933, na sheria za Nuremberg za mwaka 1935 zilikuwa zimekwisha kuwavua Wayahudi wa Ujerumani uraia wao. Kwa siku chache za michezo, mabango ya chuki yaliondolewa barabarani ili wageni wasiyaone. Nakache, Myahudi, aliingia katika bwawa la Olimpiki mbele ya utawala huo akiwa amevaa rangi za Ufaransa. Katika kuogelea kwa kupokezana, mita 200 kwa kila mmoja wa waogeleaji wanne, timu ya Ufaransa ilimaliza ya nne, nyuma ya Japani, Marekani na Hungaria. Haikupata medali. Lakini waliomaliza nyuma yao, katika nafasi ya tano na kwa tofauti ndogo sana, walikuwa Wajerumani wenyewe nyumbani kwao.

Baada ya Berlin, Nakache alizidi kugeukia mtindo wa chura. Hapa inafaa tueleze kidogo. Kanuni za wakati ule hazikumkataza mwogeleaji wa mtindo wa chura kurudisha mikono yake mbele kwa kuirusha juu ya maji badala ya kuipitisha chini. Waogeleaji kadhaa wa miaka ya 1930 waliitumia nafasi hiyo: miguu ilipiga kama chura, lakini mikono iliruka kama mabawa. Hicho ndicho chanzo cha mtindo tunaouita leo wa kipepeo, ambao ulitenganishwa rasmi na ule wa chura katika miaka ya 1950. Mtindo huo unachosha kupita mitindo mingine, kwa maana mwogeleaji huinua mabega yake kutoka majini kila anapovuta. Nakache, kwa kifua chake na mabega yake, alikuwa kama aliyeumbwa kwa ajili yake.

SHERIA ZILIZOKUJA KWA KARATASI

Vita Kuu ya Pili ilianza Septemba 1939. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1940 haikufanyika, wala ile ya mwaka 1944, na hivyo miaka ambayo Nakache angekuwa katika nguvu zake zote ikapita bila Olimpiki. Juni 1940 Ufaransa ilishindwa. Wajerumani walitwaa kaskazini, pamoja na Paris, na serikali ya Marshal Pétain ikakaa katika mji wa Vichy, ikitawala kusini kwa kushirikiana nao.

Ndugu wasomaji, tunaomba tuzingatie hatua zilizofuata, kwa kuwa mauaji hayakuanza na mauaji. Yalianza na karatasi. Tarehe 3 Oktoba 1940 serikali ya Vichy ilitunga sheria iliyowaondoa Wayahudi katika kazi nyingi za umma, ikiwamo ualimu. Siku nne baadaye, tarehe 7 Oktoba, ikafuta ile amri ya mwaka 1870, na Wayahudi wa Algeria wakapoteza uraia wao wa Ufaransa kwa siku moja. Hakuna aliyepigwa risasi siku hiyo. Lakini Nakache, aliyeiwakilisha Ufaransa mbele ya Hitler, aliambiwa kwamba si Mfaransa tena, na kwamba hafai kufundisha watoto wa Ufaransa kurukaruka na kukimbia.

Yeye na Paule walihamia Toulouse, mji wa kusini ambao Wajerumani walikuwa hawajaufikia. Huko alipokelewa na klabu ya kuogelea ya Dauphins du TOEC, chini ya kocha Alban Minville, aliyekuwa miongoni mwa makocha bora wa nchi. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungiwa kwake, Nakache na mkewe walifungua ukumbi wa mazoezi ya viungo ili wapate riziki. Katika kazi hiyo aliwasaidia pia vijana wa Kiyahudi waliojiunga na upinzani wa siri, akiwapa mazoezi ya mwili. Mwaka 1941 Mungu aliwajalia binti, wakamwita Annie.

Mwaka huohuo, tarehe 6 Julai 1941, katika bwawa la Marseille, Nakache aliogelea mita 200 za mtindo wa chura kwa dakika 2 na sekunde 36.8. Ilikuwa rekodi ya dunia. Mtu ambaye serikali yake ilikuwa imemwondoa katika orodha ya raia alikuwa sasa ameandikwa katika orodha ya walio bora kuliko wote duniani.

Kwa muda, umaarufu huo ulimkinga. Aliyesimamia michezo katika serikali ya Vichy, mchezaji wa zamani wa tenisi Jean Borotra, hakutaka kumzuia, na mwaka 1942 Nakache aliendelea kutwaa ubingwa wa taifa. Lakini Borotra aliondolewa mwaka huohuo, na aliyemfuata alikuwa mkali zaidi. Magazeti yaliyowaunga mkono Wajerumani yakaanza kuuliza kwa hasira kwa nini Myahudi bado anaruhusiwa kuingia katika bwawa pamoja na Wafaransa. Novemba 1942 majeshi ya Ujerumani yaliingia kusini, na Toulouse nayo ikawa chini yao.

SAUTI YA ASKOFU MKUU WA TOULOUSE

Hatuwezi kuizungumzia Toulouse ya miaka hiyo bila kumtaja mchungaji wake, Askofu Mkuu Jules-Géraud Saliège. Alikuwa mzee mgonjwa, aliyepooza sehemu ya mwili, na ulimi wake ulikuwa mzito kiasi kwamba watu walipata tabu kumwelewa akizungumza. Katika majira ya joto ya mwaka 1942, polisi wa Ufaransa walikuwa wakiwakamata Wayahudi wa kigeni, pamoja na wanawake na watoto, na kuwakabidhi kwa Wajerumani. Askofu Mkuu Saliège aliandika barua fupi ya kichungaji, akaagiza isomwe bila maelezo katika parokia zote za jimbo lake Jumapili ya tarehe 23 Agosti 1942. Ndani yake alieleza kwamba Wayahudi ni wanaume na wanawake kama wengine, kwamba ni sehemu ya familia ya wanadamu na ni ndugu zetu, na kwamba Mkristo hana ruhusa ya kulisahau hilo. Wakuu wa serikali walijaribu kuizuia barua hiyo. Maparoko wengi waliisoma hata hivyo, na nakala zake zikasambaa nchi nzima kwa siri.

Ni haki pia tuseme ukweli wote. Wengi katika Kanisa la Ufaransa walikuwa wamekaa kimya kwa miaka miwili, tangu sheria za Oktoba 1940, na kimya hicho maaskofu wa Ufaransa walikuja kukiombea msamaha hadharani mwaka 1997, wakiwa katika kambi ya Drancy. Ndiyo maana sauti ya mzee asiyeweza kuzungumza vizuri ilisikika kwa nguvu kiasi kile. Wajerumani walikuja kumkamata Juni 1944, wakamwacha kwa sababu ya ugonjwa wake. Mwaka 1946 Papa Pio XII alimfanya kuwa Kardinali, na baada ya kifo chake Israeli ilimpa heshima ya kuitwa Mwenye Haki Kati ya Mataifa.

WALIOKATAA KUINGIA MAJINI

Mwaka 1943 mashindano ya ubingwa wa Ufaransa yalipangwa kufanyika Toulouse, nyumbani kwa Nakache. Amri ikatoka kwamba yeye asishiriki, kwa sababu ni Myahudi. Bwawa lilikuwa lake, mashabiki walikuwa wake, rekodi ya dunia ilikuwa yake, na yeye alifungiwa nje.

Wenzake wa klabu ya Dauphins walikuwa na njia rahisi. Wangeweza kusikitika faraghani kisha wakaogelea. Wangeweza kusema kwamba michezo na siasa havichanganywi, na kwamba kujitoa kwao hakutabadili lolote. Badala yake waogeleaji wa klabu hiyo walikataa kushiriki. Ikiwa Alfred haogelei, nao hawaogelei. Tusisahau kwamba Wajerumani walikuwa wametanda mjini, na kwamba kijana wa michezo ana miaka michache tu ya kushinda. Walikubali kuipoteza nafasi hiyo kwa ajili ya mtu mmoja.

Kitendo hicho hakikuiokoa familia ya Nakache, na hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu kwa kusema kwamba kila tendo jema huzaa tunda tunaloliona. Lakini mtu aliyevuliwa kazi na uraia aliwaona marafiki zake wakivua medali zao kabla hazijavaliwa, ili wafanane naye. Wamesimama upande wa yule Msamaria wa Injili, aliyefika kwa majeruhi wakati walioijua sheria walikuwa wamekwisha kupita.

KUKAMATWA

Inasimuliwa kwamba Alfred na Paule walikuwa na nafasi ya kutoroka kwenda Hispania kupitia milima ya Pyrenees, njia iliyotumiwa na wakimbizi wengi. Safari hizo zilifanyika usiku, kwa makundi, na kimya kilikuwa ndicho kinga yao. Annie alikuwa mdogo, na mtoto akilia milimani kundi zima huweza kupotea. Wakabaki.

Mwishoni mwa mwaka 1943 polisi wa siri wa Kijerumani, Gestapo, waliwakamata wote watatu. Baada ya vita, watu kadhaa walimshuku Jacques Cartonnet, mwogeleaji aliyekuwa mpinzani mkubwa wa Nakache katika mtindo wa chura na ambaye wakati wa vita alijiunga na wanamgambo waliowatumikia Wajerumani, kwamba ndiye aliyewachongea. Hilo halikuthibitishwa, nasi hatutoi hukumu. Itoshe kusema kwamba waogeleaji wawili waliopimana nguvu katika bwawa moja waliishia katika njia mbili zilizo mbali kabisa.

Familia ilipelekwa Drancy, kambi iliyokuwa karibu na Paris, mahali walipokusanywa Wayahudi kabla ya kusafirishwa. Tarehe 20 Januari 1944 walipakiwa katika treni iliyobeba watu zaidi ya elfu moja kuelekea Auschwitz. Walipofika, walinzi waliwatenga watu pale pale kituoni. Alfred alionekana kufaa kwa kazi, akapelekwa upande mmoja. Paule na Annie walipelekwa upande mwingine, wakauawa katika vyumba vya gesi. Annie alikuwa na miaka miwili. Alfred hakujua.

KATIKA KAMBI

Aliwekwa Monowitz, sehemu ya Auschwitz iliyojengwa kando ya kiwanda kikubwa cha kemikali, ambako wafungwa walifanyishwa kazi hadi kufa. Humo ndimo alimokuwa Primo Levi, mkemia wa Kiitaliano ambaye baadaye aliandika kitabu maarufu kuhusu kambi hiyo. Humo alikuwamo pia Victor Perez, Myahudi wa Tunisia aliyekuwa bingwa wa dunia wa ngumi mwaka 1931, ambaye walinzi walimlazimisha kupigana ili wajiburudishe. Nakache alipangiwa kazi katika zahanati ya wafungwa, chini ya daktari Robert Waitz, mfungwa pia. Kazi hiyo ilimwezesha kuishi, na akaitumia kuwasaidia wengine kadiri alivyoweza.

Walinzi walipogundua kwamba mfungwa huyu ndiye yule mwogeleaji wa magazetini, walimfanya kichekesho. Kulikuwa na hodhi la maji yaliyohifadhiwa kwa ajili ya kuzimia moto. Walitupa vitu ndani yake, hata kisu, na kumwamuru azame akavitoe kwa meno yake. Kipaji alichokipata kwa kushinda woga wa utotoni, kipaji kilichoiletea nchi yake heshima, kiligeuzwa kuwa mchezo wa kumdhalilisha.

Lakini wafungwa waliopona wamesimulia pia jambo la pili. Katika majira ya joto ya mwaka 1944, Nakache na mwenzake mmoja au wawili walijiiba, wengine wakiwalinda, wakaingia katika hodhi hilohilo na kuogelea. Kama wangekamatwa wangeweza kuuawa. Hawakupata chakula kwa kufanya hivyo, wala nguo, wala nafuu ya kazi. Kwa dakika chache walikuwa watu wanaoogelea, wala si namba zilizochanjwa mkononi. Maji yaleyale waliyodhalilishwa ndani yake wakayafanya kuwa yao tena.

Januari 1945, jeshi la Kisovieti lilipokaribia, Wanazi waliwatoa wafungwa na kuwatembeza kwa miguu katika theluji. Aliyeanguka alipigwa risasi. Bingwa wa ngumi Victor Perez alikufa katika safari hiyo. Nakache alitembea hadi mwisho, kisha akasafirishwa kwa treni hadi kambi ya Buchenwald nchini Ujerumani, ambayo ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1945. Uzito wake ulikuwa umeshuka hadi kilo zipatazo 40.

KURUDI

Toulouse ilikuwa imekwisha kumlilia. Mwaka 1944, watu wakiamini kwamba amekufa, halmashauri ya mji ililipa bwawa la kuogelea jina lake. Basi Alfred Nakache alirudi katika mji wenye bwawa lililoitwa Alfred Nakache, akiwa amekonda kiasi kwamba waliomfahamu walimtazama mara mbili. Aliendelea kumngojea mkewe na binti yake. Wafungwa walikuwa wakirejea kwa treni, wiki baada ya wiki. Paule na Annie hawakurejea.

Tunadhani hakuna ambaye angemlaumu kama angeishia hapo. Marafiki wa klabu na kocha Minville walimrudisha bwawani taratibu. Mwili ulianza kupata nyama, kisha nguvu. Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 30, alitwaa tena ubingwa wa Ufaransa, na pamoja na Alex Jany na Georges Vallerey akashiriki katika kuweka rekodi ya dunia ya kupokezana kwa mitindo mitatu, mita 100 kwa kila mmoja. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi michache tu tangu Buchenwald.

Mwaka 1948 Olimpiki ilirudi, mjini London. Nakache alikuwa na miaka 32. Katika mita 200 za mtindo wa chura alifika nusu fainali. Hakurudi na medali, kama ambavyo hakurudi nayo kutoka Berlin. Lakini ni watu wachache sana katika historia waliopitia kambi za Wanazi kisha wakasimama katika Michezo ya Olimpiki, naye alikuwa mmoja wao. Kati ya Berlin na London kulikuwa na miaka 12, na ndani ya miaka hiyo alikuwa amezika ulimwengu wake wote bila hata kupewa kaburi.

MIAKA YA MWISHO

Baadaye alioa tena, akafanya makao yake Sète, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa. Aliirudia kazi yake ya ualimu wa michezo, ile aliyofukuzwa mwaka 1940, na kwa muda aliifanya katika kisiwa cha Réunion, huku kwetu katika Bahari ya Hindi. Hakuwa mtu wa kuzungumza sana juu ya kambi.

Aliogelea hadi siku yake ya mwisho. Alikuwa akipumzika Cerbère, mji mdogo wa pwani ulioko pale ambapo milima ya Pyrenees inashuka baharini, karibu kabisa na mpaka wa Hispania, mpaka uleule ambao mwaka 1943 hakuuvuka. Huko alikuwa na desturi ya kuvuka bandari kwa kuogelea kila siku. Tarehe 4 Agosti 1983, akiwa majini, alifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 67. Alizikwa Sète, na juu ya kaburi lake yameandikwa pia majina ya Paule na Annie. Mwaka 2019 jina lake liliingizwa katika Jumba la Kimataifa la Heshima ya Kuogelea, lililoko Marekani.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tujifunze kuziogopa hatua ndogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulikataa chuki yoyote dhidi ya Wayahudi na ubaguzi wa kila namna. Tamko hilo liliandikwa na Kanisa lililokuwa limeona karatasi za mwaka 1940 zilivyoishia Auschwitz mwaka 1944. Sisi wa Afrika ya Mashariki na Maziwa Makuu tunao pia ushahidi wetu. Mwaka 1994 watu waliokuwa wakisali pamoja nchini Rwanda walitenganishwa kwa neno moja lililoandikwa katika kitambulisho. Tunaposikia jirani akiitwa mgeni, mchawi au mdudu, tusingoje hadi silaha zitoke ndipo tuseme.

Pili, waogeleaji wa Toulouse wanatufundisha kwamba si kila mtu anaitwa kufa badala ya mwenzake kama Mtakatifu Kolbe, lakini kila mtu anacho kitu anachoweza kukiacha. Wao waliacha mashindano. Askofu Mkuu Saliège aliacha usalama wake. Mseminari anaweza kuacha kicheko pale mwenzake anapotaniwa kwa kabila lake au kwa umaskini wa nyumbani kwao. Mwamini anaweza kukiacha kikao cha jumuiya kinachogeuka kuwa baraza la kumsengenya mjane. Ni mambo madogo, lakini swali ambalo Mungu alimuuliza Kaini hujibiwa katika mambo kama hayo, siku za kawaida.

Tatu, Nakache mwenyewe. Hakuwa wa imani yetu, na hatuna haki ya kumfanya awe. Tunamheshimu kama alivyo. Alinyang'anywa uraia, kazi, mke na mtoto, na hata kile alichokipenda kikatumiwa kumdharau. Baada ya hayo yote alirudi majini na kurudi kufundisha, akiwaandaa vijana wa watu wengine waogelee na wakimbie. Tuwaombee Alfred, Paule na mtoto Annie pumziko la milele, pamoja na wote waliouawa bila kaburi. Nasi tuombe neema ya kutomwacha nje mwenzetu yeyote anayefungiwa mlango.